Shajara ya gitaa la mpingo, karakana ya Mikindani

Aprili, mvua zikipungua

Mteja ni mpiga solo wa kwaya moja hapa Mtwara mjini, kijana ambaye miaka yote amepigia gitaa la kuazima. Anataka gitaa la umeme lisilovuma taa za kanisani zikiwashwa, lisilomlemea bega ibada ikiwa ndefu, na nyuzi ziwe karibu na ubao wa vidole ulio juu ya shingo, wenye vijichuma vya freti, kwa sababu anapenda kupanda juu, freti ya kumi na mbili kwenda mbele, na huko anakimbia. La mwisho alilisema ameshasimama kuondoka: "Na mpingo uwepo, fundi. Mti unatoka kwetu, lakini mimi nimeuona kwenye vinyago tu."

Neno hilo limenikaa. Mpingo wa Kilwa, Liwale, Nachingwea na Masasi unapasuliwa vipande vidogo vya mraba na kupelekwa Ulaya, unakuwa klarineti na obo, na huko unasifiwa kuwa mti bora duniani kwa ala za kupuliza. Sisi tunabaki na visiki na sifa. Nimetengeneza magitaa kabla ya hili, lakini hili nalitaka liwe la huku kadiri inavyowezekana: mbao za Kusini, mikono ya Kusini, mpigaji wa Kusini. Vitakavyotoka nje ni vile ambavyo huku havitengenezwi, navyo nitavitaja bila kuficha.

Mwili utakuwa wa mninga. Wengi hunishauri mkongo, kwamba ni mgumu na unapendeza. Ni kweli, ila mkongo una karibu kilo 800 kwa mita ya ujazo, na mninga una 600 na ushei. Na hata uzito ungelingana ningechagua mninga, kwa sababu ni mti mtulivu. Ukishakauka haupindi, hautanuki wala kusinyaa ovyo. Seremala yeyote wa hapa atakwambia mlango wa mninga haukwami mvua zikija. Gitaa ni kazi ya sehemu za milimita, hivyo utulivu wa mbao nauweka mbele ya uzuri wake.

Mkorosho pia niliufikiria. Mtwara hakuna mti ulio karibu na mkono kuliko huo, na mikorosho mizee hukatwa kupisha miche mipya. Ni mwepesi. Lakini dumuzi wanaupenda, na sitaki kumkabidhi mtu gitaa litakaloanza kumwaga unga ndani ya mfuko wake.

Ubao wa mninga umekaa darini tangu mvua za mwaka jana, umelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite juu na chini. Naupima kwa mizani. Uzito ukiendelea kushuka, mti bado unatoa maji. Ukisimama, umefika pake. Hapa pwani kufika pake ni kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi. Hata ungeuacha miaka kumi hautashuka sana chini ya hapo, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji.

Hili ni jambo ambalo wanunuzi wa magitaa ya dukani hawaambiwi. Viwanda vikubwa hujenga ndani ya vyumba vyenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, na humo mbao hutulia kwenye asilimia 8 au 9. Gitaa hilo likishuka Mtwara linaanza kunywa. Ubao unavimba kwenye upana, shingo inabadilisha mkunjo wake, nyuzi zinanyanyuka au zinaanza kugonga freti, na mwenye gitaa anadhani ameuziwa bovu. Hakuuziwa bovu, ameuziwa gitaa la hewa nyingine. Nami nikijenga hapa kisha gitaa likahamia Dodoma wakati wa kiangazi, ubao utasinyaa na ncha za freti zitatokeza pembeni zikikwaruza mkono. La kijana huyu litaishi Mtwara. Basi nalijengea hewa ya Mtwara.

Mei

Mpingo umepatikana, na kuupata kulikuwa sehemu ngumu kuliko zote.

Kipande nilichohitaji, cha ubao wa vidole, kilikuwa na urefu wa sentimita 48, upana wa 6, na unene wa milimita 8 kabla ya kuranda. Kwa mninga hicho ni kipande cha kuokota chini ya meza. Kwa mpingo ni kikubwa. Mti huu hukua polepole mno, miaka 70 na zaidi ndipo uwe wa kuvunwa, na shina lake mara nyingi limejipinda, lina mifereji, au moyo wake umeoza ndani huku nje ukionekana mzima. Wanaopasulia klarineti wanaridhika na vipande visivyofika sentimita 30, kwa hiyo kila kitu kinakatwa kwa kipimo hicho. Kupata sentimita 48 zilizonyooka, zisizo na ufa wala weupe wa ganda, ni suala la kungoja na kuuliza.

Kilichonifaa kimetoka Kilwa, kwenye msitu wa kijiji, kikiwa na risiti na hati ya kusafirishia. Naliandika hili kwa makusudi. Mpingo wa magendo upo, na ni rahisi. Lakini tangu Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kumiliki msitu wake, kuuvuna kwa mpango na kupanga bei, na fedha zikabaki kijijini. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, kwa kusaidiwa na shirika la MCDI, vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Nikimnunulia mtu wa magendo nawaibia hao. Nimelipa bei ya kijiji bila kubishana.

Kwa wanaouliza kuhusu kuuza nje: jamii nzima ya mipingo, Dalbergia, iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwanzoni mwa 2017, na watengenezaji wa ala duniani walihangaika sana na vibali. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti hilo. Gogo na ubao ghafi bado zinahitaji kibali. Tafsiri yake kwa fundi wa huku ni moja: mpingo uliokwisha kuwa gitaa unavuka mpaka kwa urahisi kuliko mpingo uliopasuliwa tu.

Kuuranda ni kazi ya subira. Randa ya kawaida inaruka, inang'oa vigamba. Nimenoa ulimi nikauweka karibu umesimama wima, kisha nikamalizia kwa kukwangua na kipande cha msumeno wa zamani. Kikwangulio kikiwa kikali hutoa nyuzinyuzi nyembamba za zambarau iliyoiva, na chini yake uso unang'aa kabla hujaupaka chochote. Vumbi lake si la kuchezea, linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo barakoa haivuliwi hata jasho litiririke. Kipande nilichokata pembeni nilikitia kwenye ndoo ya maji mbele ya watoto wa jirani. Kilizama moja kwa moja, nao wakakiopoa na kukizamisha mpaka jioni. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina kilo 1,200 hivi.

Juni, kusi limeshika

Hewa imekauka kidogo, na huu ndio wakati wa kugundisha.

Shingo ni ya mtiki, vipande vitatu vilivyosimamishwa kwa upande, cha katikati kikigeuzwa ili nyuzi zake za mti zivutane na za wenzake. Shingo ya kipande kimoja ikiamua kupinda inapinda yote, ila tatu zilizogeuziana zinazuiana. Mtiki una mafuta, na mpingo una mafuta zaidi, na gundi haipendi mafuta. Dawa ni kupangusa uso kwa asetoni, kungoja dakika chache ukauke, na kugundisha papo hapo kabla mafuta ya ndani hayajapanda tena. Kwa mpingo natumia epoksi. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, na sitaki kuingiza maji kwenye mbao kavu.

Ndani ya shingo umelala mtalimbo wa kurekebishia, chuma chembamba chenye uzi wa nati upande mmoja, kinachopambana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi sita za saizi ya 10 hadi 46 zikikazwa sawasawa huvuta kwa jumla karibu kilo 47, usiku na mchana. Bila mtalimbo, shingo ya mti wowote itainama siku moja. Umetengenezwa na fundi kereza wa mjini, kwa chuma cha kawaida, na ameukata uzi wa nati vizuri kuliko ile ya kuagiza niliyowahi kuitumia.

Shingo itafungwa kwa skrubu nne, haitagundishwa kwenye mwili. Leo Fender alifanya hivyo kwenye magitaa yake ya 1950, naye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alikuwa fundi wa redio aliyetaka kitu kinachofunguka na kutengenezeka. Wapo wanaoiona njia hiyo ya bei rahisi. Mimi naiona ya heshima kwa mwenye gitaa. Shingo ikisumbua baada ya miaka, unafungua skrubu, unaitengeneza mezani, unairudisha.

Mistari ya freti. Urefu wa uzi, kutoka kinundu cha juu, kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa, hadi daraja linalozishika mwilini, ni milimita 648. Kila freti inafupisha uzi kwa uwiano uleule, mzizi wa kumi na mbili wa 2, yaani 1.05946, ili baada ya freti kumi na mbili uzi uwe nusu kamili na sauti iwe ileile oktavu moja juu. Kwa hesabu hiyo freti ya kwanza inakaa milimita 36.37 kutoka kwenye kinundu, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya saba 215.51, na ya kumi na mbili 324. Zote nazipima kutoka kwenye kinundu, kamwe sipimi kutoka freti hadi freti, kwa sababu kosa la unywele mmoja likirudiwa mara 22 linakuwa kosa la sikio.

Msumeno wa kukatia mifereji hiyo hauuzwi huku. Nimechukua upapi wa msumeno wa chuma nikausugua ubavuni kwa jiwe la mafuta mpaka meno yakalala, ukabaki unakata mfereji wa karibu milimita 0.6, ambao ndio upana unaotakiwa. Kwenye mpingo mfereji unabaki na kingo kali kama za kioo.

Freti ni za chuma cha pua, zimeagizwa. Za kawaida, za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ni laini na rahisi kufanyia kazi, na hewa yetu ya chumvi huzifubaza upesi. Za chuma cha pua zinakula tupa. Nimemaliza tupa nzuri kwenye kazi hii moja, na ningeimaliza tena, maana kijana huyu anavuta nyuzi sana na freti laini zingechimbika.

Alama za ubao ni mfupa wa ng'ombe, uliochemshwa, ukasafishwa mafuta na kukaushwa juani, na kinundu cha juu kimetoka kwenye mfupa huohuo. Mteja aliuliza kama ningeweka kombe za baharini kutoka Msimbati. Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, na sigusi kitu. Mfupa mweupe juu ya mpingo mweusi unatosha.

Julai

Mwili umekatwa. Pembe ya chini imekatwa ndani sana ili mkono ufike freti ya 22 bila kujikunja. Ubao mzima wa mninga ungekuwa na kilo mbili na nusu hivi, kwa hiyo nimechimba vyumba viwili kwenye ubao wa nyuma, nikaacha mgongo imara katikati ambapo shingo, pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) na daraja vinakaa, kisha nikafunika kwa ubao mwembamba wa mninga wenye moto mwekundu. Sasa ni chini ya kilo mbili.

Nimeulizwa kama mti unabadilisha sauti ya gitaa la umeme. Jibu langu ni hili. Kinachosikika kwenye spika kinaanzia kwenye uzi na pikapu, na mahali pikapu ilipo chini ya uzi pana nguvu kuliko aina ya mbao. Mti unaamua mambo mengine: uzi unadumu kwa muda gani kabla ya kufa, gitaa linakaaje mwilini, linatulia au linahangaika na hewa. Anayeuza gitaa kwa kudai mninga una "sauti ya joto" anauza maneno. Mimi nauza utulivu.

Julai kuelekea Agosti: pikapu

Sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote, nitakaa hapa.

Pikapu ni sumaku na waya, basi. Sumaku inautia usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi ukitikisika, uwanja wa sumaku unatikisika pamoja nao, na kwenye waya uliozungushwa pembeni ya sumaku unazaliwa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule wa uzi. Uzi wa A ukitikisika mara 110 kwa sekunde, umeme nao unapinda mara 110 kwa sekunde. Ni kanuni ileile ya jenereta inayowaka mtaani umeme ukikatika. Tofauti ni ukubwa tu.

Waya ninaoutumia una unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, wa shaba, umepakwa varnishi ili mizunguko isigusane. Umeagizwa kutoka Dar, na sumaku, vijiti sita vya alniko (mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti) ya daraja la 5 kwa kila pikapu, zimetoka nje ya nchi. Vibao viwili vya juu na chini vinavyoshika sumaku nimekata kutoka kwenye bodi ya faiba isiyo na shaba, niliyopewa na fundi wa televisheni.

Mashine ya kuzungushia nimeiunda kwa mota ya cherehani. Kuhesabu mizunguko kunafanywa na kikokotoo cha dukani: unabonyeza 1, kisha alama ya kujumlisha, halafu kila unapobonyeza alama ya sawasawa kinaongeza moja. Nimelehemu nyaya mbili kwenye kitufe hicho, zikaenda kwenye swichi ndogo ya sumaku. Gurudumu likizunguka mara moja, sumaku iliyobandikwa juu yake inapita, swichi inafunga, kikokotoo kinaongeza moja. Hakijawahi kunidanganya.

Kabla ya kuanza nilikwenda Chikongola kumsalimia mzee mmoja ambaye amesuka mota na feni tangu ujana wake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leo unasuka nini?" Nikamwonyesha waya. Aliuinua kwenye mwanga akanyamaza kidogo, akaniambia: "Huu usiuvute. Uache uje wenyewe." Kisha akanifundisha kuushika kati ya vidole viwili vilivyovikwa kitambaa laini cha pamba, ili mkono uongoze bila kukaba. Nimefuata hivyo. Waya wa unene huu ukikazwa zaidi kidogo tu unakatika, na ukilegezwa koili inakuwa sponji, inapiga kelele sauti ikipanda.

Mizunguko 7,600 kwa kila koili. Kila mzunguko una sentimita 14 hivi, kwa hiyo ndani ya kitu kinachoenea kiganjani kuna zaidi ya kilomita moja ya waya. Mita inaonyesha ukinzani wa kilo-omu 6 na nukta chache, palepale nilipotaka. Ningeongeza mizunguko, nguvu ingepanda na wembamba wa sauti ungepotea. Solo ya muziki wetu wa dansi, tangu enzi za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, haitaki ukungu. Kila noti isimame peke yake, safi, yenye makali kidogo mbele, ili isikike juu ya rithim na tumba bila kupiga kelele. Kwaya zetu zimeichukua sauti hiyohiyo, na kijana huyu amekulia humo.

Sasa mvumo. Umeme wa nchini kwetu unapinda mara 50 kwa sekunde, na kila waya wa ukutani, transfoma ya amplifaya na taa za mirija vinarusha uwanja wake hewani. Koili inaunasa kama inavyonasa uzi, haina akili ya kuchagua. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson alilimaliza tatizo hili kwa kuweka koili mbili, moja ikizungushwa kinyume na sumaku yake ikigeuzwa. Mvumo unaingia kwenye koili zote mbili, ukifika mwisho mmoja ni chanya na mwingine hasi, unafutika. Sauti ya uzi, kwa sababu sumaku nazo zimegeuzwa, inatoka chanya kotekote, inajumlishwa.

Kuziweka koili zote mbili ndani ya pikapu moja kunanenepesha sauti, na hatukutaka unene. Nimetengeneza pikapu mbili za koili moja moja, ya shingoni imezungushwa kulia na ya darajani kushoto, na sumaku zimegeuziana. Swichi ikiwa katikati zote mbili zinafanya kazi na mvumo unafutika. Zikitumika moja moja zinavuma kidogo, na hapo kuna shaba ya karatasi niliyobandika ndani ya mashimo yote, imeunganishwa na waya wa ardhi. Shaba haizuii uwanja wa sumaku wa transfoma, hilo liko wazi, ila inakata sehemu kubwa ya mikwaruzo ya taa na chaja za simu.

Kumalizia, pikapu zimezamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa. Sehemu moja ni nta ya nyuki ya Liwale, nne ni mafuta ya mishumaa, ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, nyuzi joto 65 hivi. Vipovu vinatoka kwenye koili muda mrefu, vikikoma nta imeingia kila mahali na waya hautikisiki tena. Karakana yote ilinukia asali.

Agosti mwishoni

Rangi ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likisuguliwa kwa msasa laini. Sikutaka kupuliza vanishi. Pwani yetu ikiwa na unyevu, vanishi ya kupuliza hunasa maji ya hewa ikikauka na kuacha wingu jeupe juu ya mti. Mafuta hayana shida hiyo, na yakikwaruzwa mwenye gitaa anapaka mwenyewe nyumbani. Mninga ulipokunywa tabaka la kwanza ulitoa wekundu uliokuwa umejificha, na mistari ya dhahabu ikaonekana kati yake.

Mpingo haukupakwa kitu.

Nyaya: voliumu moja na toni moja, potensiometa za kilo-omu 250, kapasita ya maikrofaradi 0.022, swichi ya njia tatu, waya wa ardhi hadi kwenye daraja ili mkono wa mpigaji uwe sehemu ya kinga. Hakuna zaidi. Kila kifuniko nyuma kinafunguka kwa skrubu za kawaida, fundi redio yeyote wa Mtwara au Lindi ataelewa ndani mwake kwa dakika tano.

Mjomba wangu, ambaye ni mchongaji, alikuja akakishika kichwa cha gitaa akauliza kama achonge kitu hapo. Nilimwomba aache. Mpingo wa ubao umekaa kimya na mistari ya mninga inasema ya kutosha, mchongo ungeyafunika yote mawili. Alilitazama tena gitaa lote, akasema sawa.

Septemba

Nyuzi zimefungwa. Shingo ilivuta mbele kidogo kama ilivyotarajiwa, nikaiachia usiku kucha kabla ya kugusa mtalimbo, kisha nikakaza robo ya mzunguko. Mkunjo wa shingo ni milimita 0.2 kwenye freti ya saba, nimepima kwa fila geji, vibati vya kupimia mianya, ya makanika wa pikipiki. Kimo cha nyuzi freti ya kumi na mbili ni milimita 1.6 upande mwembamba na 2 upande mnene. Vitako vya daraja, ambavyo nyuzi hukalia, vimerudishwa nyuma ya milimita 648, uzi mnene zaidi ukirudi zaidi ya mwembamba, kwa sababu uzi ukibonyezwa unavutika na sauti inapanda kidogo. Kurudi huko kunafidia.

Uzito wa gitaa zima ni kilo 3.4.

Tulilipeleka kanisani jioni moja, taa zote zikiwa zimewashwa na amplifaya ileile anayoipigia kila Jumapili. Swichi katikati: kimya. Kweli kimya, mpaka fundi mitambo alikwenda kuangalia kama waya umechomekwa. Pikapu ya darajani peke yake inavuma kwa mbali, mtu akipiga haisikiki. Kijana alipanda freti za juu moja kwa moja, kule anakopenda, na noti zikatoka zimetengana, kila moja na mwanzo na mwisho wake. Alipiga muda mrefu bila kusema. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyesema: "Hii sasa ni solo."

Nilichokisikia mimi ni ubao. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba freti haina pa kuzamia nguvu ya uzi, na ukiacha noti iende inaenda mbali. Sijapata kusikia hivyo kwenye magitaa yangu ya ubao wa mkongo. Itabidi nijenge jingine lenye kila kitu sawa isipokuwa ubao ndipo niseme kwa uhakika, na nitalijenga.

Oktoba

Gitaa limeondoka kwenda kwa mwenyewe kabla ya minada ya korosho kuanza, kama tulivyokubaliana, kwa sababu korosho zikishauzwa harusi zinafuatana na kwaya inaitwa kila mahali.

Nimempa seti mbili za nyuzi na kumwelekeza apanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu kila akimaliza kupiga. Jasho na hewa ya bahari vinaziozesha upesi, na nyuzi zilizoota kutu zinakula hata freti za chuma cha pua. Gitaa likae ndani ya mfuko, mbali na dirisha la upande wa bahari. Ufunguo wa mtalimbo ninao mimi. Mvua zikishakolea, Januari hivi, alilete tupime shingo tena, maana hapo mbao itakuwa imekunywa kiasi chake cha mwaka na tutajua kama robo ile ya mzunguko inatosha.

Kipande cha pili cha mninga, pacha wa huu, bado kiko darini. Mpiga besi wa kwaya hiyohiyo ameshakuja kukiangalia. Shingo ya besi ni ndefu zaidi, inahitaji mpingo wa sentimita 65 na zaidi, na nimeshawatumia ujumbe watu wa Kilwa waanze kuniangalizia.